Damu ya Mama Makochi

Madaktari walipomwambia mdogo wake kwamba lazima apasuliwe uvimbe wa tumbo, na kwamba ndugu waje kuchangia damu, Mama Makochi alikuwa wa kwanza kufika hospitali. Alifika na vumbi la sponji kwenye nywele, akapanga foleni, na zamu yake ilipofika akamwambia muuguzi achote hata ndoo mbili, kwani damu anayo ya kumwaga.

"Tunachukua mfuko mmoja tu, mama," muuguzi akasema.

"Basi toa kwenye mkono huu wa kushoto. Wa kulia una nyundo jioni."

Watu kwenye benchi wakacheka. Ndivyo alivyokuwa. Mtaa mzima wa wauza mbao na vipuri ulimjua kwa mdomo wake kabla ya kumjua kwa kazi, ingawa kazi yenyewe haikuwa ya kubeza. Alitengeneza makochi. Ukimpelekea kochi lililobonyea katikati kama hori, analivua nguo zote, anang'oa misumari, anavuta mikanda mipya mpaka inalia ukiigonga, anafunga springi kwa kamba moja baada ya nyingine, anatandika gunia, anapanga sponji, ndipo anavisha kitambaa na kumalizia pembe kwa sindano iliyopinda. Likirudi kwa mwenyewe, watoto wanakatazwa kulikalia wiki nzima.

Karakana ilikuwa ya mumewe. Mume alifariki binti yao akiwa bado ananyonya, na watu wakadhani mjane atauza vifaa arudi kwao. Yeye akajifunga kibwebwe. Miaka ya mwanzo wateja walikuwa wakiingia, wanaangaza macho huku na huku, wanauliza fundi yuko wapi. "Unaongea naye," anawajibu, huku misumari midogo imejaa mdomoni.

Nyuma ya karakana palikuwa na vyumba vitatu. Kimoja chake, kimoja cha binti yake, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya awali, na kimoja cha mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi. Bibi alikuja kwenye ugonjwa na msiba wa mwanawe zaidi ya miaka ishirini iliyopita na hakuondoka tena. Wake wengine mtaani walimwonea Mama Makochi wivu, maana Bibi alimchunga kama yai. Akichelewa kula, anafuatwa karakana na sahani. Akipungua kidogo, anaulizwa. Hata akikohoa kwa sababu ya vumbi, mlango wa Bibi unafunguka.

Mdogo mtu alipasuliwa salama. Alikuwa bado wodini, analalamikia mto wa hospitali, simu ilipomwita Mama Makochi arudi kitengo cha damu. Alidhani wanataka kumshukuru, akavaa gauni zuri.

Walimwingiza kwenye chumba kidogo chenye viti viwili, feni isiyozunguka na boksi la karatasi za kufutia machozi. Boksi lile hakulitilia maanani. Mnasihi, mwanamke wa umri wa binti yake, alifunga mlango taratibu, akakaa, akamtazama usoni.

"Mama, damu ya kila anayechangia tunaipima. Yako imeonyesha una virusi vya UKIMWI."

Mama Makochi alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeletewa kochi lisilo lake.

"Mmechanganya mifuko, mwanangu. Tafuteni mwenyewe."

"Ndiyo maana tumekuita, tupime tena hapa hapa, ukiona."

"Pima. Mtu wa mwisho kulala na mimi yuko kaburini, na binti niliyemzaa naye sasa anafundisha watoto wa wenzake."

Alichomwa kidole. Tone la damu likawekwa kwenye kipande cha plastiki, wakasubiri. Mnasihi alikuwa anasema jambo kuhusu maisha kuendelea. Mama Makochi alikuwa anatazama kile kipande. Mstari wa kwanza ulitokea, kisha wa pili, polepole, mwekundu, ulionyooka vizuri kuliko mshono wa mashine. Kipimo kingine cha aina tofauti kikasema vile vile.

Mama Makochi alisikia tu sauti ya kikombe kikiwekwa mezani chumba cha pili. Alitoka, akasahau mkoba, mnasihi akamkimbiza nao kwenye korido. Alijikuta amesimama mbele ya duka la mbao, mwenye duka anamuuliza anataka mbao za kipimo gani, na hakukumbuka amepita njia ipi kufika pale.

Hakumwambia mtu. Alishona siku zile bila kusema, hata wapasua mbao wakaanza kuulizana kama mdogo wake amefariki.

Alipoitwa kliniki kuchukua majibu ya vipimo vikubwa, alikwenda akiwa ameshajizika mwenyewe kichwani. Alishaamua ni nani atachukua nyundo zake. Daktari wa kliniki, mwanamume mpole mwenye miwani, alikuwa na karatasi mbili mezani, na alikuwa anahamisha macho kutoka hii kwenda ile.

"Kinga yako ya mwili iko juu," akasema. "Mimi mwenyewe ningefurahi kuwa nayo. Na kirusi chenyewe, mashine inayokihesabu haijakipata."

"Kwa hiyo sina."

"Unacho. Damu yako ina alama ambazo mwili hautengenezi mpaka uwe umekutana nacho. Kipo, ila kimebanwa mahali tusipokiona." Akavua miwani. "Mama, nitakuuliza, na sitakulaumu. Unameza dawa kwa siri? Wapo wengi wanaomeza mahali pengine, wakija hapa wanaogopa kusema."

"Ninayomeza ni ya kichwa, tena siku gundi ikinizidi."

"Za kirusi?"

"Sijawahi hata kuziona."

Daktari alitikisa kichwa kwa adabu, mtikiso wa mtu asiyeamini. Mama Makochi alihisi uso unamwaka. Mshtuko wa kwanza ulikuwa haujapoa, na sasa anaonekana mwongo. Akanyoosha mkono juu ya meza, ndani ya kiwiko kukiwa juu.

"Chukueni tena. Kama mnaweza kuona kirusi, mtaona na hizo dawa."

Wakachukua. Hawakuona chembe ya dawa yoyote.

Safari iliyofuata alikuta daktari yule hayuko peke yake. Kando yake alikuwa mama mmoja mwenye mvi zilizokatwa fupi na viatu vya raba, mtafiti, ambaye alisimama ghafla Mama Makochi alipoingia na kubaki anamwangalia kama mtu aliyeona gari likipita bila dereva.

"Ni wewe unayetengeneza makochi?" akauliza.

"Ndiye mimi. Unalo bovu?"

Mtafiti alicheka, akafuta macho, na Mama Makochi akashangaa kuona kwamba yalikuwa yamelowa kweli. Kisha akamweleza, bila haraka. Kirusi kikiingia mwilini hujificha ndani ya chembe zile zile za damu zinazotakiwa kuulinda mwili, kinajizalisha humo, kinazimaliza. Mwili hukipiga, lakini kirusi ni mjanja, kila kikitambuliwa kinabadilisha sura, na kwa watu karibu wote mwili unachoka, wasipopata dawa wanakufa. Karibu wote. Wapo wachache, hata mmoja katika mia hapatikani, ambao chembe zao huishika sehemu ya kirusi ambayo hakiwezi kuibadilisha bila kujiharibu chenyewe. Chembe iliyoingiliwa inatambuliwa na kuuawa kabla haijamwaga vizazi vipya. Hawajapona. Wanakizuia tu, na hakuna anayejua kwa hakika wanafanyaje.

Mama Makochi alifikiri. "Yaani wengine wanamfukuza huyo kirusi kwa kuangalia kitambaa, anabadilisha kitambaa wanampoteza. Mimi nimemshika kwenye fremu."

"Nitakuibia maneno hayo," mtafiti akasema. Halafu akashika kalamu. "Ulikipata lini?"

"Sijui kama ninacho, nitajua nilikipata lini?"

"Wanaume?"

"Mmoja. Marehemu."

"Alifariki kwa nini?"

"Mapafu."

"Daktari alikwambia wewe mwenyewe kwamba ni mapafu?"

Siku zile Mama Makochi alikuwa nyumbani na mtoto mchanga. Aliyelala hospitali chini ya kitanda cha mgonjwa, aliyeongea na madaktari, aliyerudi na habari, alikuwa mama mkwe.

Alimkuta Bibi karakana, kwenye kigoda chake karibu na mlango, mchana kweupe. Kazi ya Bibi ilikuwa kufumua vitambaa vya zamani kwa wembe ili vitumike kama kigezo cha kukatia vipya. Wembe ulikuwa unapita kwenye mshono, nyuzi zinadondoka miguuni.

"Mama," Mama Makochi akasema. Hakuwahi kumwita vingine. "Mwanao alikufa kwa nini?"

"Mapafu."

"Natoka hospitali. Nimepimwa damu."

Wembe ukasimama. Bibi hakuuliza wamepima nini. Aliinua uso taratibu, macho yakamzunguka mkwe wake kuanzia shingoni mpaka kwenye viganja, kama alivyokuwa akimwangalia kila siku.

"Basi kumbe ilikuwepo," akasema.

Mama Makochi alishika mgongo wa kochi la mteja. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa ubishi, kwa kuapa. Sentensi ile fupi hakuiwekea nafasi.

"Ulijua."

"Daktari aliniambia mimi na yeye. Mwanangu akanishika mkono, akaniapisha. Alisema ukijua utakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa wenyewe. Na enzi zile dawa hazikuwepo, mwanangu, si kwa watu kama sisi. Mtu anaambiwa, anarudi nyumbani, anakufa. Nikaona bora usijue, ule ushibe, ulale."

"Ndiyo ukabaki hapa."

"Nilibaki nikuuguze. Mtoto angebakia na nani? Nilisema utalala kitandani mwaka huu, au mwaka kesho. Nilikuwa nakungoja."

"Unaningoja nife."

"Ndiyo," Bibi akasema. Sauti yake haikutetemeka, labda kwa sababu alikuwa ameibeba kwa muda mrefu mno. "Kila ukikohoa nilisema leo imeanza. Hukufa. Ukanenepa. Ukawa unabeba makochi kichwani. Nikasema daktari alikosea. Dawa zilipokuja wewe ulikuwa mzima kama chuma. Ningeanzia wapi kukwambia?"

Mama Makochi alikaa. Kochi alilokalia lilikuwa halijawekewa gunia wala sponji, springi tupu, na hakuzisikia. Alikuwa anarudi nyuma kichwani, mwaka mmoja mmoja, na kila alikogusa alikuta Bibi amesimama na sahani. Kila huruma aliyowahi kupewa nyumbani mwake ilikuwa ya kumsindikiza.

Akakumbuka jingine. "Ulimwachisha mwanangu ziwa. Ulinipokonya mtoto, ukasema maziwa ya mwenye majonzi yana sumu. Nililia, maziwa yakijaa mpaka yanalowesha nguo, na sikukusamehe."

"Nilisikia kwenye wodi wauguzi wanaongea. Kwamba ugonjwa hupitia huko. Sikujua kama ni kweli. Ningesema nini kingine?"

Binti alipotoka shuleni, na chaki bado vidoleni, aliwakuta wawili hao wamekaa, nyuzi zimejaa sakafuni. Mama yake alimwambia yote kwa mkupuo, maana alijua akipumua hataendelea. Binti alimsikiliza mama, akageuka kwa bibi yake, akarudi kwa mama. Aliuliza swali moja tu, la utulivu kabisa.

"Na mimi?"

Walikwenda kupima asubuhi iliyofuata, mama na mwana, kwenye kile kile chumba chenye feni isiyozunguka. Safari hii Mama Makochi aliliona boksi la karatasi, akalivuta karibu. Binti alikataa kutazama kipimo, alitazama mikono ya mama yake. Mnasihi aliposema kwamba mstari ni mmoja, kwamba hana chochote, binti aliinamisha kichwa kwenye meza akalia mpaka mabega yakacheza, na mama yake, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu siku ya kwanza, akalia naye. Baadaye walimuuliza mtafiti kama Bibi ndiye aliyemwokoa mtoto. Mtafiti alisema huenda, na huenda hapana, kwa sababu damu ya mama tayari ilikuwa imekibana kirusi. Hilo nalo hakuna atakayelijua.

Kwa binti, hilo halikutosha. Hasira zake zilikuja baada ya furaha, zikawa kali zaidi.

"Bibi alikuwa anatuangalia kama maiti zinazochelewa," alimwambia mama yake jikoni, bila kupunguza sauti. "Aende kwa baba mdogo. Siwezi kula naye meza moja."

Bibi alisikia. Kesho yake walimkuta amevaa viatu vya safari, begi liko mlangoni, amekaa wima pembeni ya kitanda. Binti aliangalia chini. Mama Makochi alisimama mlangoni, nyundo mkononi.

"Rudisha begi ndani," akasema. "Sijamaliza kukukasirikia. Sitaki kila nikikumbuka neno la kukwambia nianze kupanda basi."

Bibi alivua viatu. Ilikuwa nyumba ngumu baada ya hapo. Kulikuwa na siku walizoongea kwa kupitia binti, na siku ambazo binti mwenyewe hakutaka kupitiwa. Kuna asubuhi Mama Makochi aliamka na maswali mapya, akaenda kuyauliza kwenye kile kigoda, na Bibi akayajibu yote bila kujitetea: alilia siku gani, alimwambia nani, marehemu alisema nini mwishoni. Mambo mengine Mama Makochi alijuta kuyauliza. Lakini aliuliza.

Mdogo mtu, alipotoka hospitali na kuelezwa, alikaa kitandani ameshika mshono wake tumboni. "Dada, mimi nilikuomba damu tu," akasema. Wakacheka mpaka mshono ukamuuma, na kicheko kikaisha vibaya, wameshikana.

Kwenye utafiti alikubali kuingia. Walimsomea masharti yote, wakamwambia anaweza kujitoa wakati wowote, akasaini. Kila alipokwenda walichota mirija kadhaa, naye aliwatania kwamba wangemwambia mapema, asingepoteza mfuko mzima kwa mdogo wake. Siku moja mtafiti alimpeleka ndani, kwenye chumba cha baridi chenye majokofu yanayounguruma, akamkalisha mbele ya skrini. Palikuwa na viduara vya kijivu. Vingine vilikuwa vimetiwa rangi ya kijani. "Hizo," mtafiti alisema, "ni chembe tulizoziambukiza kirusi. Vidogo vinavyotembea ni chembe zako."

Mama Makochi aliona kiduara kimoja kikijisogeza, kikagusa cha kijani, kikakaa nacho. Hakikufanya fujo. Baada ya muda cha kijani kilivimba, kikapasuka, kikafifia. Kile kidogo kikaachia, kikaenda kwa kingine.

"Vinafanya hivyo ndani yangu?"

"Usiku na mchana."

"Nikiwa nashona?"

"Ukiwa umelala."

Mume alimficha, mama mkwe akamficha, na kumbe hata mwili wake mwenyewe ulikuwa na vita humo ndani na haukumwambia.

"Kirusi changu," akauliza baadaye, "ndicho kile kile cha mume wangu?"

"Kizazi cha kile kile. Ulikipata kwake."

"Yeye kilimmaliza."

"Yeye hakuwa na chembe hizi. Halikuwa kosa lake, wala wewe hukufanya lolote la kustahili. Mtu huzaliwa nazo tu."

Lile la kuzaliwa nazo ndilo lililomchoma zaidi. Angepata mahali pa kuliweka jambo lile kama mumewe angekuwa mzembe au yeye angekuwa mwema. Hapakuwa na mahali. Walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, mmoja akabaki.

Daktari wa kliniki na mtafiti walimkalisha pamoja wakamweleza kwamba vita ile, hata akishinda, inauchosha mwili na moyo, kwamba kuna wenzake walioshika kirusi miaka mingi kikawaponyoka, na kwamba siku hizi kila mwenye nacho anashauriwa dawa, hata yeye. Walimwacha aamue. Alitoa damu kwanza, mizunguko kadhaa, mpaka mtafiti akasema zilizohifadhiwa zinatosha. Kisha akaanza kidonge, kimoja kwa siku, pamoja na chai ya asubuhi. Alisema vijana wake wa ndani ya damu wamefanya kazi bila likizo tangu wajiriwe.

Haikupita muda mrefu mtafiti akampigia simu. Amepatikana mwingine, mama muuza mboga, majibu yake yanafanana. Amekaa kwenye korido tangu asubuhi, haongei na mtu, hataki kuingia wala kuondoka. Je, Mama Makochi anaweza kuja?

Alifunga karakana akaenda. Alimkuta mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani, macho ukutani, mikono imelala mapajani kama imesahauliwa na mwenyewe. Mama Makochi alikuwa amepanga utani njiani. Alipomwona, aliuacha wote. Alikaa kando yake kwenye benchi, akajitambulisha kwa kazi yake na kwa ugonjwa wake, kwa sauti ya kawaida, wagonjwa wengine wakipita.

Bila kugeuza kichwa, muuza mboga akauliza, "Wewe ulipoambiwa, ulikwenda kumuuliza nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Akasema nini?"

Nje ya familia yake Mama Makochi alikuwa hajamwambia mtu maneno aliyojibiwa na Bibi siku ile, hata mtafiti. Aliweka mkoba chini, akamgeukia yule mwanamke, akaanza kumsimulia.